Dola 3,000 za Gombe, na sisi wa ng'ambo ya ziwa

Wana kikundi, mlioko hapa Nyarugusu na mliokwisha kwenda mbali, na nyinyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma kimyakimya bila kubonyeza kitu. Tunawajua.

Mnakumbuka tuliwaambia kwamba vijana watatu wa kikundi tunaingia staji kwenye shirika moja la mazingira. Wengi mlidhani tunaenda kupanda miti. Hata sisi tulidhani hivyo, siku ya kwanza tulikuja na mabuti. Tukapewa laptopu moja, bando la wiki, na jedwali lenye safu nyingi. Kazi yenyewe ilikuwa kutafuta wafadhili. Kwa kila mfadhili unajaza jina lake, pesa yake ilitoka wapi, amekwisha kumpa nani, kiasi gani, na mwisho wa kutuma maombi ni lini. Halafu kuna safu ya mwisho kabisa: anapenda nini.

Msimamizi wetu, dada mmoja Mtanzania, alituambia safu hiyo ndiyo kazi, nyingine zote ni kunakili tu. Alisema tajiri hatoi pesa kwa sababu wewe una shida. Shida zimejaa dunia nzima, angezimaliza wapi? Anatoa kwa sababu shida yako imegusa kitu ambacho yeye alikuwa anakipenda tangu zamani, kabla hajakujua. Sisi tuliokulia kwenye foleni ya mgao hatukulipenda neno hilo. Tulibishana naye mchana mzima, mpaka bando likaisha.

Wiki ya pili akatupa zoezi. Tafuteni mfano mmoja wa zamani, wa karibu, mwone pesa ya kulinda wanyama ilianzaje. Tukachagua Gombe kwa sababu iko mkoa huu huu wa Kigoma, na kwa sababu kila mtu anamjua yule mama wa sokwe, Jane Goodall, aliyefariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Picha zake mlizituma wenyewe kwenye kikundi. Tulifikiri ni zoezi la siku mbili. Kumbe tulikuwa tunaingia nyumbani kwetu kwa mlango wa nyuma.

Tuanze na pesa.

Mwaka 1957 Jane alifika Kenya akiwa binti wa miaka 23. Alikuwa amesomea ukatibu muhtasi, digrii hana. Huko Nairobi akakutana na Louis Leakey, bwana wa jumba la makumbusho, yule aliyekuwa akichimba mifupa na mawe ya watu wa kale pale Olduvai. Leakey alitaka mtu wa kukaa na sokwe porini kwa muda mrefu, karibu na ziwa, kwa sababu aliwaza kwamba maisha ya sokwe yanaweza kutuonyesha kidogo maisha ya binadamu wa mwanzo. Akamwona huyu binti anafaa. Lakini nani atamlipia? Mtu asiye na digrii, mwanamke, peke yake msituni, kazi ambayo hakuna aliyewahi kuifanya kwa muda mrefu hivyo. Jaza hiyo kwenye fomu ya ruzuku uone kama watakujibu.

Leakey hakupeleka maombi kila mahali. Alimjua Mmarekani mmoja, Leighton Wilkie, mtu wa Des Plaines, Illinois. Huyu alikuwa na kiwanda cha mashine za kukata vyuma, na kwa sababu ya kazi yake alikuwa na mapenzi makubwa na historia ya zana. Aliamini kwamba mtu alikuwa mtu kwa sababu ya zana mkononi. Mfuko wa familia yake ulikuwa tayari unasaidia watafuta mawe na mifupa Afrika. Basi Leakey akamwandikia, na Wilkie akakubali kutoa dola 3,000. Zilitosha mashua ndogo, hema, nauli ya ndege, na chakula cha miezi kama sita.

Sasa sikilizeni. Binti alikaa miezi akipanda milima huku sokwe wanamkimbia, malaria ikampiga yeye na mama yake, na pesa inaelekea kuisha. Halafu Novemba 1960 akamwona sokwe dume, yule aliyempa jina David Greybeard, amekaa kwenye kichuguu anachomeka jani la nyasi kwenye tundu, analitoa limejaa mchwa, anakula. Baadaye akawaona wanapukuchua majani ya kitawi ili kitawi kifae kwa kazi. Yaani wanatengeneza zana! Leakey alipopata habari alisema sasa wataalamu wachague: watafute maana mpya ya zana, au maana mpya ya mtu, au wawakubali sokwe kuwa watu.

Fikiria bwana Wilkie anasoma habari hiyo. Mwenye kiwanda cha zana ametoa pesa, na pesa imerudi na habari ya zana. Leakey asingeweza kujua kwamba itakuwa hivyo, hiyo ilikuwa bahati. Lakini kumchagua Wilkie haikuwa bahati. Alikuwa amejaza safu ya mwisho.

Mwaka uliofuata National Geographic ya Marekani ikaanza kutoa ruzuku, ya kwanza ilikuwa dola 1,400. Na National Geographic walipenda kitu kingine: picha. Mwaka 1962 akaja mpiga picha, Hugo van Lawick, na mwaka 1963 gazeti lao likatoa makala ndefu ya Jane na sokwe wake. Dunia ikamwona binti mweupe mwenye nywele za dhahabu, kaptura, peke yake kati ya wanyama. Lakini ili sokwe wapigike picha lazima wakae karibu, kwa hiyo kambini wakaanza kuwekewa ndizi. Ndizi zikaleta ugomvi, madume wakapigana, hata nyani wakaja kugombania, mpaka baadaye ulishaji ukapunguzwa sana. Jambo hilo halikutushangaza. Ukitaka kupigwa picha na wageni wa shirika hapa, nawe utasogezwa mahali penye mwanga, na pengine kuna soda.

Na kwamba alikuwa peke yake, si kweli. Rashidi Kikwale, mtu wa pale pale, alimwonyesha njia tangu mwaka wa kwanza. Kulikuwa na mlinzi wa wanyama aliyeitwa Adolf, na mpishi aliyeitwa Dominic. Jane mwenyewe amewataja, hatusemi aliwaficha. Ni picha ndizo hazikuwa na nafasi.

Hapo ndipo tulipokutana na mkimbizi wa kwanza katika hadithi hii. Siyo sisi. Jane na mama yake walifika Kigoma Julai 1960, wakati Congo imepata uhuru wiki chache tu nyuma, tarehe 30 Juni, na fujo imeanza. Mji wa Kigoma ulikuwa umejaa Wabelgiji waliovuka ziwa na mabegi yao. Hao mama na binti, kabla ya kwenda kwa sokwe, walisaidia kutengeneza mikate ya nyama ya kopo kama 2,000 kwa ajili ya wakimbizi wa kizungu. Tulisoma mara tatu. Mwenzetu mmoja akacheka mpaka akatoka nje. Kwa hiyo njia ya Kalemie, Uvira, Baraka hadi Kigoma, ile waliyopita wazazi wetu, na wao walishaipita, na walipofika walipewa mkate.

Sasa tufike mwaka 1975.

Kufikia hapo Gombe imekuwa hifadhi ya taifa, tangu 1968, na pesa zimekuwa za maana. Chuo Kikuu cha Stanford kinaleta wanafunzi wake kufanya utafiti. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu wenye silaha kama 40 walishuka kutoka kwenye mashua, wakawachukua watafiti wanne, watatu wanafunzi wa Stanford na mmoja Mholanzi, wakavuka nao ziwa. Rashidi alipigwa usiku ule. Wanawake wawili Watanzania waliokuwa pale walikwenda gizani kuwaonya wengine wajifiche.

Walikuwa ni watu wa PRP, chama cha Laurent-Désiré Kabila. Walitokea Fizi.

Tuseme wazi, sisi watatu tuliokuwa kwenye ile laptopu, wawili ni wa Fizi. Tulikaa kimya. Tulikuwa tunatafuta wafadhili wa sokwe, tukawakuta wajomba.

Kabila alikuwa ameanzisha PRP mwaka 1967 na kushika sehemu ya milima ya Fizi, nchi ndani ya nchi, iliyoitwa Hewa Bora. Miaka miwili kabla ya hapo Che Guevara alikuwa amevuka kutoka Kigoma kwenda kusaidia waasi wa upande ule, akaondoka amekata tamaa. Kabila akabaki. Mwaka 1975 alitaka pesa, silaha, na wenzake waliofungwa Tanzania waachiwe. Mazungumzo yalichukua zaidi ya miezi miwili. Mateka wote wanne walirudi hai, baada ya fedha nyingi kulipwa. Balozi wa Marekani Dar es Salaam, Beverly Carter, aliyesaidia mazungumzo, alijikuta matatani na bosi wake Kissinger, maana msimamo wa Marekani ulikuwa hakuna kuongea na watekaji.

Tulienda kumuuliza papa mmoja wa zoni yetu, mzaliwa wa kule milimani. Tulimwamkia, tukakaa, tukamweleza tunachosoma. Alifikiri kwanza, akasema: "Batoto yangu, mie nilikuwa kijana kidogo. Tulisikia tu ya kama kuko bazungu kule ku mulima. Lakini sisi na sisi tulikuwa mateka. Mihogo yetu, ngombe yetu, bakatwala. Ile hakuna mutu aliandika." Halafu akatuuliza wale bazungu walilipiwa ngapi. Tulipomwambia ni mamia ya maelfu ya dola, akatikisa kichwa, akaomba chumvi kwa mjukuu wake kama vile hatujasema kitu.

Baada ya hapo Stanford haikurudisha wanafunzi, na pesa iliyokuwa ikija kwa mkondo ule ikakauka. Wageni hawakuruhusiwa kuishi Gombe, Jane mwenyewe alikuwa anaingia kwa ziara fupi. Kwa mfadhili wa kawaida hapo ndipo hadithi inakufa: hatari imekuwa kubwa, funga faili.

Lakini utafiti haukusimama hata wiki. Na hili ndilo tunataka mlielewe vizuri, hasa nyinyi mnaofanya kazi za kujitolea mkifikiri mradi ni yule anayekuja na gari. Watanzania waliokuwa wasaidizi wa utafiti waliendelea kutoka asubuhi, kufuata sokwe, kuandika. Hilali Matama, aliyeanza kazi pale mwaka 1968, ndiye aliyeona Januari 1974 kundi la madume wa Kasakela wakimvamia dume wa kundi la Kahama aitwaye Godi na kumpiga vibaya. Huo ulikuwa mwanzo wa vita ambavyo wataalamu wanaviita vita ya miaka minne, hadi 1978, kundi moja likalimaliza jingine. Kabla ya hapo watu waliamini sokwe ni wapole tu. Sehemu kubwa ya vita hiyo iliandikwa na wasaidizi hawa wa Kigoma wakati wafadhili wameshaogopa, na daftari zao ziliandikwa kwa Kiswahili. Ndiyo, Kiswahili. Wanasayansi wa Ulaya na Marekani walisubiri tafsiri.

Ilipofika 1977 Jane na rafiki zake wakaanzisha taasisi yenye jina lake huko California, ili pesa isitegemee tena chuo kimoja au gazeti moja. Hapo tunaona kazi yetu ya staji inazaliwa: watu wanaokaa ofisini kutwa kutafuta nani atatoa. Ni kazi iliyotokana na hofu ya 1975 pia, ingawa kwenye vipeperushi vyao hutaona jina la Fizi.

Mtatuuliza, na yule Kabila? Mnajua. Mwaka 1996 aliibuka tena, safari hii na AFDL na majeshi ya nchi jirani nyuma yake. Uvira ilianguka Oktoba, watu wakajaa ziwani, na Novemba mwaka huo kambi hii ya Nyarugusu ikafunguliwa kwa ajili ya watu wa Kivu ya Kusini. Mei 1997 akawa rais Kinshasa. Kwa hiyo mtu yule yule aliyewatisha wafadhili wa sokwe ndiye ambaye vita yake ilituleta kwenye wilaya ya Kasulu, tukawa majirani wa sokwe wenyewe. Wengi wetu tuliozaliwa hapa hatukuwahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote. Tulikuwa tunajua tu "vita".

Wakati huo huo Gombe ilikuwa na tatizo jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Jane aliruka na ndege ndogo juu ya hifadhi akaona msitu umebaki kama kisiwa, vilima vya pembeni vyote vipara. Watu walikuwa wengi, ardhi imechoka, na wakimbizi wa Burundi na Congo walikuwa wakiingia mkoani kwa miaka mingi. Mwaka 1994 ukaanza mradi wa TACARE, kwa pesa ya Umoja wa Ulaya, katika vijiji 12 vya kuizunguka hifadhi. Mpango wa mwanzo ulikuwa miti. Timu ya Watanzania ikaenda kijiji kwa kijiji kuuliza watu wanataka nini, na watu hawakutaja sokwe. Walitaja maji, zahanati, shule, chakula. Mradi ukabidi ugeuke, miti ikaja pamoja na majiko, mikopo midogo, afya, maji. Hapa tunawapa heshima yao. Kuuliza ni rahisi. Kubadilisha bajeti baada ya kujibiwa ndiyo kazi, na mfadhili akubali pia.

Sasa turudi kwenye jedwali letu, maana ndilo lililotufanya tuandike haya.

Wiki ya nane msimamizi alitupa andiko la mradi la zamani la shirika, tulitumie kama mfano. Miche, majiko banifu, mafunzo. Zuri tu. Tukafika ukurasa wa hatari zinazoweza kuharibu mradi. Ya kwanza ukame. Ya pili moto. Ya tatu iliandikwa: wakimbizi.

Neno moja tu. Lilikuwa limekaa hapo kati ya moto na kupanda kwa bei ya mafuta.

Hatutaki kudanganya. Kuni tunakata. Mama zetu na dada zetu wanatoka nje ya kambi asubuhi kutafuta kuni, na kila familia hapa inajua kilichowahi kumpata mtu njiani. Wenyeji wanalalamika na wana haki, vilima tuliviona sisi wenyewe vikibadilika tangu utoto. Lakini ukame hauwezi kuulizwa kitu. Moto hauwezi kuulizwa. Sisi tulikuwa tumekaa pale pale, tumeshika laptopu ya shirika.

Mwenzetu mmoja alitaka tuache staji siku hiyo. Mwingine alisema tunyamaze, tunahitaji cheti. Tulichofanya ni kumwita msimamizi, tukamsimulia hadithi yote ya Gombe, mikate ya Wabelgiji, Rashidi, Hilali Matama, papa wetu na mihogo yake. Alisikiliza. Akasema andiko lile si yeye aliyeliandika, na kwamba mfadhili yule wa zamani alikuwa anapenda misitu na anaogopa watu, kwa hiyo mwandishi alimpa alichotaka kusoma. Yaani safu ya mwisho ilikuwa imejazwa vizuri kabisa. Tuliona aibu kidogo, maana siku zile tulikuwa tumeshaanza kujivunia ufundi huo.

Akasema andikeni upya ukurasa huo. Tukaandika: "Kaya hazina nishati ya kupikia, kwa hiyo zinategemea kuni." Chini yake tukaweka vikundi vya akina mama vya zoni zetu vinavyofyatua majiko ya udongo, wangapi, wapi, na kwamba wanaweza kulipwa kufundisha wenyeji na wakimbizi pamoja. Kwenye sehemu ya wafanyakazi tukaongeza kwamba wanaojaza taarifa za kila siku watajwe majina kwenye ripoti, siyo "jamii" tu. Halafu tukamtafuta mfadhili. Tulipitia 41 kwenye jedwali. Tulibaki na wawili ambao kwenye kazi zao za nyuma walishawahi kulipia majiko, na mmoja wao familia yake pesa yake ilianzia kwenye kuuza vyungu na sufuria. Tulipoliona hilo tulipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kama tumepata resettlement.

Andiko limetumwa. Jibu bado. Wilkie aliitikia haraka, hawa wamesema miezi minne.

Ombi letu: kama nyumbani kwenu kuna mzee wa Fizi, Baraka au Ubwari anayekumbuka mwaka 1975, au hata habari za Hewa Bora, mwombeni ruhusa kwanza, mrekodi kwa simu, mlete siku ya Jumamosi kwenye kikundi. Papa wetu amekubali kuongea tena, ila amesema safari hii tuje na chumvi.